Kidonda Kilichopona Haraka

Kambi ya mawe, Embu
13 Machi 1955

Kathure, mwana wa mama,

Mimi Mukiri. Niko hai. Naandika Kiswahili kwa sababu barua ya Kimeru inalala kwa ofisi mpaka apatikane mtu wa kuwasomea. Ya Kiswahili wanasoma wenyewe, wanafunga, inakwenda. Na wewe andika Kiswahili hata kama ni kibaya. Changu pia ni kibaya.

Salimia mwanao Njura. Kama anatembea sasa niambie. Habari ya baba yake, nimesikia bado hawajamwachilia. Sitauliza kwa barua.

Hapa ni kuvunja mawe tu. Mvua haijakuja, vumbi ni nyingi. Tangu mke wangu Celina aende napika mwenyewe jioni, na kila siku chakula kinabaki. Sijajua bado kipimo cha mtu mmoja.

Neno lenyewe ni hili. Watu wa malori wanasema ndui imeonekana upande wa Isiolo. Huko si mbali na nyinyi. Nataka kujua kama dresa, yule mtu wa hospitali wa kuchanja, amefika Kianjai, na kama umechanjwa. Usianze na habari ya mbuzi. Anza na hiyo.

Ndugu yako
Mukiri

Kianjai
2 Aprili 1955

Mukiri mkubwa wangu,

Mbuzi amezaa. Pacha. Nimeanza na mbuzi makusudi, ili ujue bado mimi ni mimi.

Njura anatembea, na anaanguka, na akiinuka ananitazama kama ni mimi nimemsukuma. Ana paji la uso kama la baba yetu. Baba yake, sina la kuandika. Nilimpelekea shati, sijui kama lilifika.

Pumu iko. Wakati wa kupalilia nilikuwa nikikaa chini kila mara, wenzangu wanamaliza mistari yao wananipita. Mama Kaari ananiambia, "Kathure, wewe pumzika, tutakuamsha wakati wa kula." Anacheka, lakini ananimalizia mstari wangu. Huyo ndiye jirani niliye naye.

Sasa nakujibu. Dresa amefika. Chifu alipiga filimbi tukakusanyika sokoni, homgadi, wale askari wake wa kijiji, wakasimama huku na huku. Wazima walichanjwa. Sisi wenye ugonjwa wa siku nyingi tuliogopa. Mzee mmoja wa ugonjwa wa kibofu aliondoka, mama wa kifafa akaondoka, mimi nikaingia kwa mahindi na Njura mgongoni nikakaa huko mpaka gari likaenda. Mzee Runji, anayenikata chale za kifua kila mwaka, anasema mwili wenye ugonjwa mmoja haufai kuongezwa mwingine. Wengine wanasema maneno mabaya zaidi, kwamba tumechoka kulishwa na tunataka kumalizwa. Siku hizi mtu akipewa kitu bure na askari amesimama hapo, ataamini nini?

Lakini wewe ni mkubwa wangu. Celina alikuwa mgonjwa wa miaka. Alichanjwa? Ilimfanya nini? Hujawahi kuniambia vizuri alivyokwenda. Uliandika neno moja tu, "kifua". Nimelitazama hilo neno sana.

Dresa atarudi. Niambie nifanye nini.

Mimi
Kathure

Embu
20 Aprili 1955

Kathure,

Salamu zako nimepata. Mbuzi pia nimepata.

Chanjwa. Na Njura achanjwe.

Nimemwuliza dresa wa kambi hapa. Nilimwambia, nina dada wa pumu, anaogopa. Akasema, "Huyo ndiye angekuwa wa kwanza kwa mstari." Nikamwuliza kwa nini. Akasema ndui ikimkuta mzima inampiga chini, lakini mzima ana pumzi ya kupigana nayo. Mtu wa pumu pumzi yake imekwisha kabla ya vita. Alisema pia akichanjwa atapata homa, na homa inaweza kumwamshia pumu, kwa hivyo asikae peke yake siku hizo. Hakunificha. Ndiyo maana nilimwamini.

Askari akisimama hapo, mwache asimame. Dawa haijui nani amesimama.

Habari ya Celina acha.

Mukiri

Kianjai
15 Mei 1955

Mukiri,

Tuko wazima. Mvua imekuja na kwenda, maharagwe yamekubali kidogo. Mbuzi mmoja alikufa, mmoja yuko. Njura amejifunza kusema "hapana", na hasemi neno lingine.

Furahi sasa. Nimechanjwa. Nilisimama kwa mstari nikitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Dresa ni kijana wa Imenti, mdomo haukai. Alinikwaruza mkono wa juu, akaweka tone la ile dawa, akasema, "Mama, umekufa?" Nikasema bado. Akasema, "Basi toa nafasi kwa mwingine."

Njura alipiga kelele mpaka soko likanyamaza. Na mkono wake, Mukiri, uliniogopesha. Ulifura, ukafanya lengelenge, ukatoa usaha, mtoto akawa moto. Nilitaka kumtengeneza lakini nikigusa tu anapiga mateke. Nikamwacha hivyo na uchafu wake, mpaka gamba likaanguka lenyewe. Amebaki na shimo baya.

Mimi wangu niliutunza. Tulifika tu nyumbani, Mama Kaari, naye amechanjwa siku hiyo, akaniambia tusiache ile dawa ya watu ikae kwa damu yetu. Tulipangusa, tukapaka majivu na mafuta ya mbuzi, vile mzee Runji anafanya chale zangu za kifua. Kabla ya Jumapili kidonda kimekauka. Hakikufura, hakikuniuma, hakuna homa, pumu haikuamka. Ungeona! Hata alama ni ya kutafuta. Mama Kaari wake ni hivyo hivyo. Tumesema, kumbe sisi ndio tuna mwili mgumu.

Dresa alirudi baada ya wiki kutazama mikono. Siku hiyo tulipelekwa kuchimba handaki, kazi ya lazima. Sikujali. Kidonda kimepona, atatazama nini?

Unaona sasa, nimekusikiliza. Kula vizuri.

Kathure

Embu
2 Juni 1955

Kathure,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimetoka kazini nayo kwa mfuko.

Hukuchanjwa. Sikia vizuri. Ulikwaruzwa tu.

Ile kupona haraka ndiyo mbaya. Mkono wa Njura ndio mzuri. Ikifura, ikitoa usaha, ikifanya gamba, imeshika. Ikikauka bure haijashika, na wewe uko vile ulivyokuwa. Ndui ikija itaingia kama nyumba haina mlango.

Majivu yaliua ile dawa. Chanjo si kama chale. Hiyo ya chale unataka ipone. Hii unataka iwe mbaya kwanza.

Nilimwuliza dresa wangu tena. Akasema huenda ni majivu, huenda dawa ilipata joto kwa gari, huenda mwili wa ugonjwa wa siku nyingi unachelewa kuamka. Hajui ni lipi. Akasema kwa yote ni kitu kimoja tu, kurudia.

Rudia. Usipake kitu. Mwambie Mama Kaari pia.

Jibu haraka.

Mukiri

Embu
26 Juni 1955

Kathure,

Hujajibu. Sijui kama umekasirika au barua imelala mahali.

Nasema tena. Ule mkono haujashika. Tafuta dresa, achanje tena. Usipanguse. Usipake majivu. Usipake mafuta. Usipake mate.

Nimeomba pasi ya kuja huko. Karani aliniuliza, "Nani amekufa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi ngoja." Akaita mtu mwingine. Mimi nikabaki pale nimeshika kofia. Pasi ya mazishi inatoka. Pasi ya kuzuia mazishi haina karatasi yake.

Leo ni Jumapili, ninaandika hii jioni. Jumapili ni ndefu hapa. Wenzangu wana watu wa kwao kijijini. Mimi nilifua shati moja, likakauka, nikalifua tena.

Andika hata neno moja. Andika "niko".

Mukiri

Embu
10 Julai 1955

Kathure,

Hii haipiti kwa posta. Anakuletea Jama, Msomali mwenye lori la chumvi na sukari, anayelala Meru mjini. Nilimkuta sokoni hapa. Nikamwambia, nina barua ya Kianjai. Akasema, "Mzee, mimi nabeba chumvi, sasa nibebe na maneno?" Nikamwambia ni habari ya ndui. Akanyoosha mkono akaichukua hata kabla sijaimaliza, ikabidi nimwombe anirudishie niandike yaliyobaki. Mtazame uso utakapomwona. Usigeuke.

Hakuna wa kuifungua hii. Kwa hivyo nasema.

Niliandika "kifua". Haikuwa kifua.

Celina alichanjwa hapa mwaka jana. Hakuogopa. Miguu yake ilikuwa imefura, unajua, na kupumua ni kwa taabu, lakini alitembea mwenyewe mpaka kwa mstari na fimbo yangu. Hakupaka kitu. Mkono ukakauka tu. Akanionyesha, akasema, "Ona, mimi ni chuma." Tulicheka. Nami nilicheka.

Dresa alikuwa amesema wote warudi atazame. Siku ya kurudi kijiji kilifungwa. Kulikuwa na mambo usiku wa nyuma yake, askari wakasema hakuna mtu kutoka nje. Dresa akageuzwa barabarani. Hakurudi. Sisi hatukumtafuta kwa sababu hatukujua ni kitu cha kutafutwa. Mkono ulikuwa mzuri.

Ndui ilipokuja ilimkuta. Wakamtia kwa banda la wenye ndui, ng'ambo ya seng'enge. Nilikuwa nasimama upande huu, namwita jina. Siku za kwanza alijibu. Aliniuliza, "Umekula?" Mimi ndiye niko nje, yeye anaungua, ananiuliza mimi kama nimekula. Nikasema ndiyo. Halafu hakujibu tena. Walimzika wao, na chokaa. Sikuona. Nilionyeshwa mahali.

Sikuandika hivyo kwenu kwa sababu mngeuliza alivyokuwa, na sijui alivyokuwa. Nilijua kifua. Nikaandika kifua.

Sasa umenionyesha mkono kama wake, kwa barua, na unafurahi kama yeye.

Ile dawa haikumdanganya Celina. Ilimwambia mapema kwamba haijashika. Sisi hatukujua lugha yake. Wewe sasa unajua.

Nenda urudie, na usipake majivu wala kitu, kama nilivyokuandikia kwa barua mbili za Juni.

Mukiri

Kianjai
31 Julai 1955

Mukiri,

Niko.

Barua zako za Juni sikuona hata moja. Nilidhani wewe ndiye umenyamaza. Nilikuwa nimekasirika, nikasema huyu nimemtii na hata ahsante hakuna.

Jama wako alikuja. Lori lilisimama chini barabarani, watoto wakakimbia kuliona, halafu wakarudi mbio wakilia. Nikatoka na panga. Nikamwona. Mukiri, ule uso. Kama udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Na jicho moja jeupe. Nilitaka kugeuka, nikasikia aibu, nikamwambia karibu. Hakuketi. Alisema, "Mama, ndugu yako amenituma na barua, lakini barua unaweza kuikunja. Mimi huwezi kunikunja. Nitazame tu."

Nikamtazama.

Akasema, "Unaona mbaya, sivyo?" Nikaweka panga chini. Akasema, "Mimi ndiye niliyepona."

Nikampa maziwa. Akanywa, akapeana mkono na Njura, na Njura akamwambia "hapana". Alicheka sana huyo mtu. Alipoona shimo kwa mkono wa Njura alilishika kwa kidole, pole pole, akasema neno la kwao. Halafu akaondoka.

Nikasoma. Sitaandika mengi juu ya Celina kwa barua hii, kwa sababu hii inapita kwa ofisi na sitaki mtu mwingine asome nikilia. Nilikuwa na hasira juu ya lile neno moja kwa muda mrefu. Sasa sina.

Ndui imefika hapa. Soko limefungwa. Wamejenga banda ng'ambo ya mto. Nilikwenda kwa Mama Kaari kumwambia habari ya mikono yetu, nikakuta mlango umefungwa kwa nje. Walikuwa wamemchukua asubuhi ile. Jembe lake liko kwa mstari wangu mpaka leo.

Dresa alikuwa Nchiru. Kwenda huko ni pasi. Nilimwambia homgadi wa hapa naenda kuchanjwa. Akasema, "Wewe? Wewe si umeandikwa tayari?" Nikamwonyesha mkono. Akasema mbona umepona vizuri. Nikamwambia ndiyo shida yenyewe. Alinitazama kama pumu imenipanda kichwani, lakini akaniandikia.

Njia ile ina mlima, unaujua, ule wewe ulikuwa unanibeba utotoni. Nilikaa chini, nikatembea, nikakaa. Nilifika dresa anafunga sanduku. Nikapiga kelele, "Wewe! Ngoja!" Akageuka. Ni yule wa Imenti. Akasema, "Mama, watu wote hapa wananikimbia. Wewe unanifuata?" Nikamwambia ya kwanza niliipaka majivu. Akasema, "Na sasa utaipaka nini?" Nikasema hakuna. Akasema, "Hata ukiwashwa?" Nikasema hata nikifa. Akasema, "Hapana, kufa usife, utaniharibia kazi." Alikwaruza zaidi ya ile ya kwanza. Nikakaa hapo hapo mpaka ikauke, nimeinua mkono kama mtoto wa shule.

Nimerudia kama ulivyosema, sasa nangoja. Naogopa isishike. Naogopa pia ishike. Mkono bado ni mkono tu.

Kathure

Kianjai
9 Agosti 1955

Mukiri,

Umefurahi sasa?

Mkono umefura kutoka bega mpaka kiwiko. Kuna lengelenge kubwa kama jicho la ng'ombe na katikati limebonyea. Linanuka. Kwapa limevimba siwezi kushusha mkono. Nilikuwa moto, halafu pumu ikaamka kama ulivyosema. Nimekaa nimeegemea ukuta, sikulala chini hata kidogo. Mke wa mzee Runji ndiye alikaa na mimi na kushika Njura. Aliniambia, "Paka majivu, uone raha." Alikuwa nayo kwa kiganja. Nilimfukuza. Nikamrudisha, kwa maana nilihitaji maji.

Mama Kaari alikufa Ijumaa.

Naandika kwa mkono mwingine ndiyo maana ni mbaya hivi. Usinijibu maneno ya dresa. Sitaki.

Kathure

Embu
27 Agosti 1955

Kathure, mwana wa mama,

Nimepata barua yako. Unasema mkono umefura, unanuka, hulali, una moto.

Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa juu ya mawe, nyundo mkononi. Mnyapara akaniuliza nani amenipa pombe saa hizo. Nikamwambia dada yangu ni mgonjwa sana. Akaniambia nina kichaa.

Imeshika, Kathure. Hiyo ndiyo yenyewe. Iache iwe mbaya.

Halafu nikasoma tena pale pa Mama Kaari, nikaweka nyundo chini. Barua zangu za Juni zilikuwa zake pia. Ziko mahali, kwa sanduku la mtu. Huyo mtu hajui ameshika nini.

Pumu ikiwa bado, kaa umeegemea, kunywa uji mwepesi. Gamba likianguka, choma. Usiweke. Halafu niandikie limeanguka. Mpaka nisome hivyo, nitakuwa nahesabu umekaa kwa ule ukuta.

Nilipita mahali waliponionyesha kwamba Celina yuko. Nyasi zimeota. Nilimwambia habari ya mkono wako. Ni ujinga, lakini sina mwingine wa kumwambia hapa.

Mukiri

Kianjai
25 Septemba 1955

Mukiri mkubwa wangu,

Limeanguka. Nililichoma. Nina shimo kama la Njura, lakini langu ni kubwa zaidi, na tukikaa jua la asubuhi anaweka kidole kwa langu, halafu kwa lake. Neno la pili amejifunza. Anasema "yangu".

Pumu imerudi kuwa ile ya kawaida. Sikujua nitafurahi kuiona.

Watu wa banda wamepungua. Dresa amepita tena, na safari hii yule mzee wa kibofu alikwenda mwenyewe, na mama wa kifafa. Walinipitia kwanza kutazama mkono. Nimekuwa mtu wa kutazamwa. Yule mzee aliuliza, "Iliuma?" Nikamwambia sana. Akasema, "Vizuri," akaenda. Wake haukufura. Amerudia. Tunangoja.

Nimepalilia mstari wa Mama Kaari. Nilikaa chini katikati yake, hakuna mtu wa kuniamsha wakati wa kula. Nikaamka mwenyewe.

Barua yako ya tarehe ishirini na sita Juni imefika juzi, imefunguliwa na kufungwa kwa gundi. Ile inayosema usipake majivu, usipake mafuta, usipake mate. Nimeisoma kama ni mpya. Nimeiweka.

Najua huli vizuri. Pima hivi: chukua kiganja cha mahindi na nusu kiganja cha maharagwe, basi. Ikibaki, umeweka cha Celina. Siku ikibaki usijikasirikie.

Omba pasi tena. Najua hawatakupa, wewe omba tu. Na karani akikuuliza nani amekufa, mwambie hakuna. Mwambie kwa sauti, na wa nyuma kwa mstari wasikie.

Umekula?

Kathure